Kaburi la sanduku katika uwanja wa kanisa la Uingereza: kulichunguza, kulifungua na kulisimamisha upya

Maiti haimo sandukuni. Tunaanza hapo kwa sababu wengi wanaoliona kaburi la sanduku kwa mara ya kwanza hudhani wanatazama jeneza la jiwe, wakaogopa pasipo na la kuogopwa na kujiegemeza penye hatari. Aliyezikwa yuko ardhini, wakati mwingine ndani ya shimo lililojengewa matofali. Kinachoonekana juu ya nyasi, chenye urefu wa mita mbili hivi na kimo cha kiunoni, ni kasha tu: mabamba manne ya jiwe yaliyosimamishwa, nguzo fupi kwenye pembe, na bamba zito lililolazwa juu kama kifuniko. Ndani ni uwazi, au kiini cha matofali na vifusi kilichojengwa shaghalabaghala, kwa kuwa hakuna aliyetarajiwa kukiona.

Viwanja vya makanisa ya vijijini Uingereza vina makaburi mengi ya namna hii, hasa ya karne ya 17 hadi ya 19. Yanayopendeza zaidi, kwa macho yetu, yako Cotswolds, eneo la vilima ambako fedha za sufu zilikutana na jiwe la chokaa linalochongeka vizuri. Burford, katika Oxfordshire, vifuniko vingine vina mgongo wa nusu duara uliochongwa mifereji. Wengi huviita marobota ya sufu, ingawa wapo wanaosema ni umbo la kiunzi kilichotandazwa kitambaa juu ya jeneza. Painswick, katika Gloucestershire, masanduku yamesongamana na makaburi marefu ya mviringo yanayofananishwa na makopo ya majani ya chai. Maelezo haya ni ya sanduku la kawaida la pembe nne, na ukilielewa hilo, hayo mengine hayatakusumbua sana.

Kinachoshikilia na kinachobomoa

Kutoka chini kwenda juu kuna kitako cha jiwe, mabamba mawili ya ubavuni, mabamba mawili mafupi ya kichwani na miguuni, nguzo nne za pembe (mara nyingine zimechongwa pamoja na mabamba), kisha kifuniko. Kichwa cha marehemu kwa kawaida kiko magharibi na miguu mashariki, kwa hiyo ubavu mmoja hutazama kusini na mwingine kaskazini. Kumbuka hilo, maana pande hizo mbili huzeeka tofauti kabisa.

Bamba la ubavuni huwa na unene wa milimita 70 hadi 100. Jiwe jembamba hivyo halisimami peke yake, basi mwashi wa zamani alilifunga kwa jirani yake kwa kibano cha chuma: ukanda mfupi uliokunjwa ncha mbili kama herufi U iliyolala, kila ncha ikazama kwenye tundu la jiwe lake, kisha akamimina risasi ya moto kuijaza nafasi. Kibano hicho kimefichwa juu ya bamba, chini ya kifuniko. Maji yakianza kupenya kwenye kiungo cha kifuniko, chuma hupata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe. Jiwe haliwezi kutanuka, kwa hiyo hupasuka. Takriban kila kaburi la sanduku lililobomoka lilibomolewa na mambo haya mawili: maji juu, chuma ndani. Mizizi, ardhi kudidimia na watoto wanaopanda juu hufuata baadaye kumalizia.

Soma ugonjwa kabla ya kugusa

Njoo na timazi, pima maji, tochi, kioo kidogo cha mkononi na penseli. Zunguka kaburi bila kuliegemea. Kisha weka kiganja kwenye ukingo wa kifuniko na usukume polepole, kama unayejaribu mlango usiojua umefungwa au la. Kikicheza, acha hapo hapo, zungusha kamba umbali wa mita mbili kila upande na mwarifu kasisi siku hiyo hiyo. Kifuniko cha nusu tani hakitoi onyo la pili.

Dalili zenyewe husomeka hivi. Ufa wa kusimama au wa mshazari karibu na pembe, sentimita chache kutoka ukingoni, ukiwa na doa la rangi ya chungwa: kibano kimeoza hapo ndani. Bamba la ubavuni limevimba katikati: kiini kimeporomoka na vifusi vinalisukuma, au kuna mzizi. Sanduku zima limeinama upande mmoja huku viungo vyake bado vimebana: tatizo ni la ardhi, na kulifungua sanduku bila kugusa msingi ni kazi bure. Viungo vya kijivu, vigumu kiasi kwamba ufunguo hauvikwaruzi, huku jiwe lililo kando yake linapukutika: mtu alishapita na saruji.

Gamba jeusi gumu linalojijenga chini ya ukingo wa kifuniko, palepale wanapochongwa vichwa vya malaika na mafuvu, ni jasi. Jiwe la chokaa likikutana na hewa chafu hutengeneza jasi, na mahali mvua inapopiga hiyo jasi huoshwa. Mahali palipokingwa hubaki, hukusanya masizi na kugeuka gamba. Usiliparue. Nyuma ya gamba hilo jiwe mara nyingi limeshakuwa kama sukari, na ukilibandua unaondoka na pua ya malaika.

Gonga kila bamba kwa kifundo cha kidole. Jiwe zima hulia. Jiwe lililoachana tabaka hutoa sauti ya boksi tupu. Andika kwenye mchoro kila mahali penye sauti hiyo.

Ukiwa na shaka kama ufa bado unatembea, bandika vialama viwili vidogo kila upande wa ufa, pima umbali kwa kalipa mara moja kwa mwezi, kwa miezi 12. Ufa usiobadilika mwaka mzima huhitaji kujazwa tu. Kufungua sanduku zima kwa ajili ya ufa uliolala ni ubadhirifu, na kila ufunguzi unaua kipande fulani cha jiwe hata mikononi mwa fundi bora.

Kibali: hakuna njia ya mkato

Watu wengi wenye nia njema hukosea hapa. Kisheria kaburi si mali ya kanisa, ni mali ya warithi wa yule linalomkumbuka. Warithi wa mtu aliyezikwa mwaka 1740 kwa kawaida hawapatikani, lakini hilo halimpi yeyote ruhusa ya kuanza. Katika Kanisa la Uingereza kazi kama hii huombewa kibali cha mahakama ya dayosisi, chini ya kanuni za vibali vya kanisa (Faculty Jurisdiction Rules) za mwaka 2015, na hakimu wake, chansela, anaweza kukitoa hata kama mwenye kaburi hajulikani. Kabla ya ombi kufika kwake, kamati ya ushauri ya dayosisi hulisoma na kutoa maoni. Tangazo hubandikwa kanisani kwa siku zisizopungua 28. Kazi ndogo zaidi huweza kuruhusiwa na shemasi mkuu (archdeacon) bila mlolongo huo wote. Muulize yeye kwanza, kwa maandishi, kabla hujajaza fomu yoyote.

Kisha angalia orodha ya taifa ya urithi, inayotunzwa na Historic England na kupatikana bure mtandaoni. Makaburi mengi ya sanduku yameorodheshwa yenyewe, mbali na kanisa lililo jirani, katika Daraja I, II* au II. Nafuu inayoyapa majengo ya kanisa ruhusa ya kujisimamia haifuniki kaburi lililoorodheshwa kivyake, kwa hiyo kazi inayogusa sura yake huhitaji pia ridhaa ya halmashauri. Vibali viwili, ofisi mbili, kalenda mbili. Na ikiwa uwanja huo umefungwa rasmi kwa mazishi, huenda utunzaji wake ulishahamia halmashauri kwa kifungu cha 215 cha Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1972. Ulizia kabla ya kutafuta pesa, maana jibu linabadilisha nani anayelipa.

Ombi linalokwama ni lile linalosema “kukarabati kaburi”. Linalopita lina picha za pande zote, mchoro wa kipimo cha 1:10 wenye kila jiwe na namba yake, maelezo ya kila kibano kitakavyotolewa, mchanganyiko wa chokaa kwa uwiano na jina la mchanga, na sifa za mwashi. Mwashi awe wa ukarabati wa kihistoria. Anayechonga mawe mapya ya makaburi anaweza kuwa hodari wa kazi yake na bado akaharibu hii.

Rekodi kila kitu, ukianza na maandishi

Piga picha asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini na mwanga ukipita kwa mshazari juu ya uso wa jiwe. Herufi usiyoiona saa sita mchana hujitokeza kana kwamba imechongwa jana. Upande wa kaskazini haupati jua hilo, kwa hiyo simamisha kioo kikubwa kwenye jua na uutupe mwanga wake kwa mshazari juu ya bamba. Usipake chaki, unga wala povu la kunyolea kwenye herufi ili zisomeke. Povu lina kemikali zinazobaki kwenye vitundu vya jiwe, na chaki ikisuguliwa hukwaruza.

Nakili maandishi mstari kwa mstari kama yalivyo, pamoja na makosa ya tahajia, na uweke alama mahali mstari unapokatika. Herufi isiyosomeka iachie nukta ndani ya mabano, usiikisie. S ndefu ya karne ya 18 inafanana na f, na imewapotosha wengi. Tarehe nazo zina mtego: kabla ya 1752 mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Mtu aliyekufa Februari 1723 kwa hesabu ya jiwe, kwa hesabu yetu alikufa Februari 1724, na ndiyo maana mengine yameandikwa 1723/4. Nakili lililo kwenye jiwe na uweke ufafanuzi pembeni.

Kuosha? Maji safi na brashi laini ya nywele, kwa sehemu unayohitaji kuisoma tu. Mashine ya maji ya nguvu, asidi, dawa ya kung'arisha nguo na brashi ya waya vyote vimeshakula majina mengi kuliko mvua. Yale madoa ya manjano, kijivu na meupe yaliyotapakaa kama ramani ni likeni, viumbe vinavyokua polepole mno. Vingine vina umri unaokaribia wa kaburi lenyewe, na viwanja vya makanisa ni maskani yao makubwa katika maeneo ya Uingereza yasiyo na miamba ya asili. Viache.

Wapangaji

Sanduku lenye nyufa ni nyumba. Popo hulala ndani, nao wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori na Mashambani ya 1981. Kumsumbua popo au kuharibu maskani yake ni kosa la jinai. Mulika tochi kwenye kila uwazi na utafute vinyesi vidogo vyeusi vinavyosagika kuwa unga unaometa. Ukiviona, simama umwite mtaalamu wa popo. Ndege wadogo hutaga humo kuanzia Machi hadi Agosti, na mijusi isiyo na miguu pamoja na vyura hujificha wakati wa baridi. Ukijumlisha na mahitaji ya chokaa, muda bora wa kufungua ni mwishoni mwa Agosti na Septemba.

Mmea unaotambaa wa aivi usiung'oe. Kata shina lake karibu na ardhi, ondoa kipande cha sentimita kumi ili usijiunge tena, uache ukauke miezi mingi hadi vijizizi vilegee vyenyewe. Aivi mbichi ikivutwa huja na uso wa jiwe. Mche wa mti uliootea kwenye kiungo hukatwa vivyo hivyo. Mzizi wake hutolewa sanduku linapofunguliwa, si kabla.

Kufungua

Hesabu uzito kwanza. Mita ya ujazo ya jiwe la chokaa ina kilo 2,000 hadi 2,600. Kifuniko cha mita 2 kwa mita 1 chenye unene wa milimita 120 ni mita za ujazo 0.24, ukichukua kilo 2,300, ni kilo 552. Bamba la ubavuni la mita 1.6 kwa 0.7 kwa milimita 90 linakaribia kilo 230. Hizi si namba za watu wanne wenye misuli. Zinahitaji kiunzi cha miguu miwili yenye boriti juu, chenibloku (winchi ya mnyororo) ya tani moja, na mikanda ya kunyanyulia iliyokaguliwa.

Weka namba kwa chaki kila jiwe mahali pasipoonekana, sawa na namba za mchoro, pamoja na mshale wa kuonyesha juu. Kabla ya kugusa kifuniko, funga mkanda kuzunguka mabamba yote manne, ukiweka vipande vya mbao kwenye pembe. Sababu ni rahisi: vibano vikiwa vimeoza, uzito wa kifuniko ndio unaoyashikilia mabamba. Ukikitoa bila kufunga, ubavu mmoja huanguka nje, na mara nyingi ni ule uliosimama wewe.

Kata chokaa ya kiungo kwa msumeno mwembamba wa mkono ukizunguka pande zote. Piga kabari za mbao ngumu sehemu nne, kila moja milimita mbili au tatu kwa zamu, mpaka upate nafasi ya milimita 40. Mtaimbo usikanyage ukingo wa jiwe kamwe. Kila panapolazimu kuutumia, tanguliza ubao. Pitisha mikanda kwenye moja ya tano ya urefu kutoka kila ncha, yaani milimita 400 kwa kifuniko cha mita mbili. Hapo ndipo jiwe lililolala huinama kidogo kuliko mahali pengine popote. Mikanda ikiwa kwenye ncha kabisa, katikati hupasuka kwa uzito wake. Kifuniko chenye ufa tayari hufungwa kwanza kwenye fremu ya mbao. Kilaze juu ya boriti mbili zilizopangwa kwenye vipimo vilevile, uso wenye maandishi ukiwa juu.

Mabamba hubebwa na kuhifadhiwa yakiwa yamesimama kwa ukingo kama yalivyokaa kaburini. Bamba jembamba likilazwa na kubebwa kama meza, litavunjika katikati.

Kutoa chuma

Kazi hii ndiyo inayotofautisha mafundi, na haina haraka. Kibano hakichomolewi kwa kukipiga wala kukipinda, kwa sababu kila nguvu unayokitia inaishia kwenye jiwe lililokwisha kupasuka. Toboa mfululizo wa matundu ya milimita 5 ndani ya risasi inayozunguka ncha, drili ikiwa imezimwa mtikiso. Chimbua risasi iliyobaki kwa tindo nyembamba, kidogo kidogo, mpaka ncha ya chuma ianze kucheza kwenye tundu lake. Ndipo uinyanyue kwa koleo. Kama ukanda umebana kwenye kiungo, ukate katikati kwa blade ya msumeno wa chuma ili kila nusu itoke peke yake. Mashine ya kukatia yenye diski haina nafasi hapa: ikiteleza mara moja, inaacha mstari usiofutika milele. Vaa glovu na barakoa, kusanya risasi yote, nawa kabla ya kula.

Kibano kipya kiwe cha chuma cha pua kisichoshika kutu, cha daraja la 316, chembamba kuliko cha zamani, kikae katika tundu lilelile bila kulipanua. Daraja la chini zaidi linapatikana kwa bei nafuu, lakini ukishafunga sanduku hutaki kulifungua tena kwa tofauti ya bei hiyo. Kilaze ndani ya chokaa, si saruji.

Kipande kilichovunjika huunganishwa kwa pini ya 316 yenye nyuzi. Unene wa pini usizidi robo ya unene wa jiwe, na iingie milimita 100 hivi kila upande. Gundi ya epoksi ni halali hapa, kwenye tundu la pini tu, ikiishia milimita 20 kabla ya uso wa mpasuko. Ukiipaka mpasuko wote, unazuia unyevu kupita, na jiwe litavunjika upya milimita chache kando ya gundi yako.

Kiini na ardhi

Toa vifusi kwa mkono ukichungulia, maana vipande vya nakshi vilivyoanguka zamani mara nyingi vilitupwa humo. Ukifikia udongo, acha kuchimba. Kibali cha kukarabati kaburi si kibali cha kufukua, na mfupa ukionekana, ufunike palepale na umwite kasisi. Ikiwa kuna uwazi chini, yaani dari ya shimo la matofali imetoboka, tandaza ubao mpana, ondoa watu na umwite mhandisi wa majengo. Hatujui jambo linaloweza kugeuka baya kwa kasi zaidi katika kazi hii.

Ardhi ikiwa imara, jenga nguzo mbili au tatu za matofali kwa chokaa ndani ya sanduku ili zibebe kifuniko, mabamba yabaki na kazi ya kujisimamia tu. Acha milimita 30 au zaidi kati ya matofali na mgongo wa bamba. Uwazi huo ukijazwa zege, kama ilivyofanyika sana, unyevu wa ardhini hauna pa kutokea ila usoni mwa jiwe, na uso huo ndio wenye maandishi.

Chokaa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye kaburi la jiwe la chokaa, anayeziba ufa kwa saruji ndiye anayeujenga ukuta huo. Saruji ni ngumu kuliko jiwe na haipitishi unyevu. Maji yaliyonaswa nyuma yake hutafuta njia kupitia jiwe, yakibeba chumvi. Chumvi huganda chini ya uso, huusukuma, na baada ya majira kadhaa ya baridi unabaki na kiungo kizuri cha kijivu kilichosimama kama ukingo katikati ya mawe yaliyorudi nyuma. Kiungo kinatakiwa kiwe dhaifu kuliko jiwe. Kazi yake ni kufa kwanza.

Kwa kitako na nguzo za ndani tumia chokaa ya haidroliki ya asili (inayoganda hata penye maji), NHL 3.5, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3. Kwa viungo vyembamba vya mabamba, tumia chokaa laini iliyozimwa na kulazwa chini ya maji kwa miezi isiyopungua mitatu, sehemu 1 kwa sehemu 2½ za mchanga mwembamba uliochanganywa na unga wa jiwe la aina ileile. Unga huo ndio unaoleta rangi. Dawa za rangi hupauka.

Uwiano wa 1:3 haukutoka hewani. Jaza chombo cha lita moja mchanga mkavu, kisha mimina maji yaliyopimwa mpaka yafike juu ya mchanga. Mchanga mzuri wenye chembe kubwa na ndogo hupokea mililita 330 hivi, yaani theluthi: ndizo nafasi ambazo chokaa inapaswa kuzijaza. Ukipokea 400, mchanga wako una chembe za ukubwa mmoja na utahitaji chokaa zaidi, au bora ubadilishe mchanga. Kwa sababu hiyohiyo lita 10 za chokaa na lita 30 za mchanga hutoa lita 30 tu za mchanganyiko. Usishangae ndoo zikipungua.

Maji yawe machache. Finyanga tonge kiganjani: likibaki na umbo bila kuchuruzika wala kuacha uji mkononi, limefika. Mchanganyiko wa majimaji hupakika kwa urahisi, kisha hunywea na kuacha nyufa za nywele. Vaa miwani muda wote na weka chupa ya maji safi karibu, kwa kuwa chokaa ikiingia jichoni inaunguza.

Toa chokaa ya zamani kwa kina kisichopungua mara mbili ya upana wa kiungo, na kwenye viungo vipana milimita 20 angalau. Lowesha jiwe mpaka liache kunywa. Jiwe kavu hufyonza maji ya chokaa kabla haijashika, na kesho yake unafagia unga. Sukumiza kwa mwiko mwembamba, kwa tabaka, na uishie nyuma kidogo ya ukingo wa jiwe. Chokaa iliyopakwa ikapita juu ya kingo zilizolika hufanya kiungo kionekane kipana mara tatu, kisha hubanduka kama ngozi. Inapofikia ugumu wa ngozi ya kiatu, igongegonge kwa brashi ngumu ili chembe za mchanga zijitokeze.

Kusimamisha

Panga mabamba makavu kwanza, bila chokaa, na hakiki kwa timazi. Tanguliza kitako kilicho sawa. Kosa la milimita 5 chini litaonekana kama pengo kwenye pembe ya juu. Simamisha ubavu, kisha kichwani, kisha ubavu wa pili, miguuni mwisho, ukiweka vibano kila pembe na kufunga mkanda. Acha siku kadhaa kabla ya kurudisha kifuniko. Chini ya kifuniko tandika chokaa pamoja na vipande vidogo vya risasi au vigae vya sleti, ili uzito usiikamue chokaa yote nje ukiwa bado unasawazisha. Kama kifuniko kilikuwa na mteremko mdogo wa kumwaga maji, urudishe. Ukikilaza sawasawa kabisa, dimbwi la mvua litakaa juu ya jina la marehemu.

Funika kwa magunia yenye unyevu, kisha turubai lisilogusa jiwe, na uyaloweshe magunia kila siku kwa wiki moja angalau. Joto lisishuke chini ya nyuzi 5. Chokaa laini isiyo ya haidroliki huhitaji takriban miezi mitatu kabla ya kukutana na barafu. Ukimaliza Septemba, acha kinga ya magunia makavu na turubai mpaka Machi. Kazi nyingi zilizofanywa vizuri zimeharibikia hapa, wiki ya kwanza ya Novemba, kwa sababu turubai lilionekana baya siku ya harusi na mtu akaliondoa.

Rudi tena Aprili. Tazama pembe zote nne chini ya kifuniko kwa tochi, na ujaze upya nyufa za nywele kwa chokaa laini. Mweleze anayekata nyasi kwamba mashine ya uzi wa nailoni isikaribie jiwe: uzi huo hutafuna kitako cha jiwe laini. Asinyunyizie dawa ya magugu pia, kwani ardhi tupu hurusha matope mvua inaponyesha na chumvi za dawa hupanda kwenye jiwe. Nyasi zilizo ndani ya sentimita 15 kuzunguka kitako zikatwe kwa mkasi wa mkono, mara mbili au tatu kwa mwaka.